Sitara, sulhu na usukani

Katika visiwa vyetu vya Zanzibar ulevi ni jambo linalojulikana na kila mtu na kusemwa na watu wachache mno. Kijana anayekunywa hanywi mbele ya wazee wake; huenda ufukweni, au kwenye kibanda cha tembo, pombe ya mnazi, kilichojificha minazini, na akirudi usiku hupitia mlango wa uani. Mama yake anajua, jirani anajua, pengine hata sheha anajua, na wote hunyamaza, kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba anayemsitiri mwenzake hapa duniani, Mwenyezi Mungu naye atamsitiri duniani na akhera. Sina ugomvi na adabu hiyo, kwani imehifadhi ndoa nyingi na heshima za watu wengi waliokuja kutubu baadaye bila ya mtu kuwanyooshea kidole. Ninachokiona ni kwamba tumeichukua sitara tukaipeleka mahali ambapo haikukusudiwa, yaani barabarani, na tukawasitiri watu walioshika usukani hali ya kuwa akili zao haziko nao.

Matokeo yake huonekana matangani. Mtu amegongwa, amezikwa, na watu waliokaa barazani wakinywa kahawa wanasema siku yake imefika, ajali haina kinga. Kadari tunaiamini, na si mimi wa kuikana. Lakini mwizi akikamatwa na kuku mkononi hatumwambii mwenye kuku kwamba ndivyo ilivyoandikwa, tunamwita polisi. Sijui kwa nini kuku apate haki ambayo mtu mzima aliyekuwa akirudi msikitini haipati.

Miaka michache nyuma nilihudhuria kikao cha sulhu katika kijiji kimoja cha Kaskazini Unguja. Mzee wa makamo, fundi seremala, alikuwa akirudi kwake baada ya sala ya Isha juu ya baskeli, nyuma amefunga mzigo wa majani ya ng'ombe. Gari aina ya Noah iliyokuwa ikitoka upande wa hoteli za pwani ilimfuata kwa nyuma na kumrusha hadi kwenye shamba la muhogo. Waliofika mwanzo walimkuta dereva ameketi chini, anazungumza maneno yasiyoshikana, na harufu ya pombe waliisikia kabla ya kumkaribia. Haya walinieleza wao wenyewe siku ya pili yake, mbele ya jeneza.

Kikao kilifanywa wiki moja baada ya mazishi. Walikuja wazee sita wa upande wa yule kijana aliyekuwa akiendesha, wamevaa kanzu, wametanguliza magunia ya mchele na bahasha ambayo walisema ni ubani. Mkubwa wao alizungumza vizuri sana. Alisema sisi sote ni wamoja, mtoto wenu ameteleza, tumekuja kwenu kwa unyenyekevu. Mjane alikuwa ndani, yumo edani, nyuma ya pazia, na kila suala lililomhusu liliulizwa kwa shemeji yake. Kuanzia baada ya sala ya Alasiri hadi Magharibi ilipokaribia, neno pombe halikutajwa hata mara moja. Walisema kijana “hakuwa sawa” usiku ule, na wasikilizaji wakatikisa vichwa kana kwamba amezungumziwa mtu mwenye homa. Mwishoni ilichanwa karatasi ya daftari la skuli, ikaandikwa kwamba familia imesamehe na haina madai yoyote, na shemeji akatia saini kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Mtoto mdogo wa marehemu alikuwa akizunguka na sinia la tende.

Kesi ilifunguliwa, lakini haikufika mbali. Damu ya dereva haikuwa imepimwa usiku ule, na wale waliosikia harufu, walipoitwa kutoa ushahidi, mmoja alisema hakumbuki vizuri na mwengine alikuwa amesafiri. Sikumlaumu yeyote kwa jina wakati ule na sitafanya hivyo sasa, maana kila mmoja wao aliamini kwa dhati kwamba anafanya jambo la kheri.

Hapa ndipo panapohitaji kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba karatasi ile ya daftari inafunga shauri. Haifungi. Kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari ni kosa la jinai, na katika jinai mlalamikaji ni Serikali. Aliyekufa ni mwathirika na jamaa zake ni mashahidi, lakini shauri si mali yao ya kugawa wala kusamehe. Mwenye mamlaka ya kuendelea na mashtaka au kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na hakimu anaweza kuzingatia msamaha wa familia anapopima adhabu, ila msamaha huo peke yake haumtoi mtu kizimbani. Kinachomtoa ni ukosefu wa ushahidi. Kwa hiyo sulhu zetu, hata zikiwa hazina nguvu kisheria, zina nguvu kubwa katika hali halisi, kwa kuwa humaliza mashahidi.

Sheria yenyewe ipo. Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, na kuendesha chombo cha moto mtu akiwa amelewa pombe au dawa ni kosa hata kama hajamgusa mtu wala kukwaruza ukuta. Hili la “hata kama hajamgusa mtu” husahauliwa sana. Wengi wanaona kosa huanza pale damu inapomwagika. Jambo jengine linalochanganya watu ni kwamba mitandaoni husambazwa maelezo ya sheria ya Tanzania Bara, ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo kiwango chake ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu. Usafiri wa barabarani si jambo la Muungano, na sheria ile haivuki bahari kuja huku, ingawa askari wa trafiki anayekusimamisha Mtoni au Chake Chake ni wa Jeshi la Polisi, ambalo ni la Muungano. Askari ni yule yule, kitabu anachokusomea ni kingine. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa vijana na wanaoanza kuendesha, kwa sababu uwezo wa kuendesha huanza kuharibika mapema kuliko mnywaji mwenyewe anavyohisi.

Wapo watakaoniambia kwamba sisi tuna dini, na dini imehimiza kusamehe. Ni kweli. Lakini aya ya 92 ya Sura An-Nisaa, ambayo hutajwa katika vikao hivi, haisemi msamaha peke yake. Inazungumzia aliyeua kwa kukosea, na inaweka mambo mawili: diya, yaani fidia ya damu, kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiitoa sadaka, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Familia inaweza kusamehe diya. Kafara si yao, ni baina ya muuaji na Mola wake, na haifutwi na magunia ya mchele. Nimehudhuria sulhu kadhaa na kila mara nimesikia nusu ya kwanza ya aya ikisomwa kwa sauti nzuri, na sijapata kusikia mzee akimwambia kijana: kesho unaanza kufunga. Na kwa wanaodhani kwamba shauri la namna hii lingepaswa kwenda kwa Kadhi, Mahakama ya Kadhi hapa Zanzibar hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na mambo yanayofanana na hayo. Makosa ya barabarani hayamo.

Adhabu ya mahakama si mwisho wa hesabu. Mtu anaweza kunyang'anywa leseni, na kwa dereva wa daladala au wa gari ya watalii leseni ndiyo chakula cha watoto. Aliyeumizwa anaweza kufungua shauri la madai kudai fidia, na shauri hilo linakwenda njia yake mbali na lile la jinai. Kisha kuna bima, jambo ambalo wenye magari hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Mikataba mingi ya bima ya gari huwa na kipengele kinachosema kwamba kampuni haitalipa uharibifu wa gari lenyewe ikiwa dereva alikuwa amelewa, na hata pale kampuni inapolazimika kumlipa mtu wa tatu, yaani aliyegongwa, huweza kumgeukia mwenye gari na kumdai ilichokitoa. Mwenye gari aliyekuwa amelala kwake, ambaye alimpa kijana gari ya hesabu bila ya kumtazama machoni, anaweza kuamka na deni linalozidi thamani ya gari lenyewe.

Tuje kwenye mwili, kwa sababu hapa kuna uongo mwingi unaopokewa kama elimu. Watu huambiana kwamba kahawa chungu hutoa ulevi, au dafu, au kuoga maji ya baridi, au kulala saa mbili. Kahawa humfanya mlevi awe macho, ila anabaki mlevi. Kilevi huondolewa na ini, na ini lina mwendo wake ambao hausikilizi haraka ya mtu: takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20. Aliyemaliza chupa ya sita saa sita za usiku, anapowasha gari saa moja asubuhi kuwahi kazini, ameshaoga, amevaa shati safi, amepiga mswaki, na bado ana kilevi katika damu yake. Kwa tembo na gongo hesabu hiyo haiwezekani hata kukisiwa, maana hakuna aliyepima nguvu ya kilichomo ndani ya dumu.

Kilevi hakianzi miguuni, kama tunavyodhani tunapomtazama mtu akiyumba. Kinaanza kwenye uamuzi. Mtu huanza kujiona hodari, akapita gari nyengine mahali ambapo akiwa mzima asingethubutu, na hapo bado anatembea vizuri na kusema vizuri. Baadaye ndipo macho yanapochelewa kufuata kinachosogea pembeni na mguu unapochelewa kufika kwenye breki. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu, umeshaongeza mita nane kabla breki haijaguswa. Katika barabara ya njia nne yenye taa mita nane zinaweza kuwa si kitu. Katika barabara zetu za shamba, ambazo ni nyembamba, giza, bila ya njia ya waendao kwa miguu, na ambazo saa moja ya jioni zina watoto wanaotoka chuo cha Kurani, gari za ng'ombe zisizo na taa na wanaume juu ya baskeli, mita nane ni mtu. Pale msitu wa Jozani yaliwekwa matuta kwa sababu kima punju walikuwa wakigongwa na magari, na matuta yale yamewasaidia. Nafurahi kwa ajili yao. Ziko skuli ambazo bado zinasubiri ya kwao.

Nimezungumzia pombe mno, na kwa kufanya hivyo naweza kuwa nimewapa faraja wasiokunywa. Huku kwetu bangi na unga, yaani heroini, ni tatizo ambalo halihitaji utambulisho. Mvutaji wa bangi hukuambia kwamba anaendesha polepole na kwa utulivu, na pengine ni kweli kwamba anakwenda polepole. Kinachoharibika ni namna anavyopima muda na umbali, na uwezo wa kubaki katika upande wake wa barabara. Anayetumia unga ana hatari mbili zinazopokezana: akiwa amepata, anasinzia huku macho yako wazi, akiwa amekosa, ameshikwa na arosto, anatetemeka, anatokwa na jasho, tumbo linamkata, na mawazo yote yako kwenye mahali atakapopata. Kifaa cha kupuliza cha askari hakitambui lolote katika haya, kwa kuwa kinapima kilevi cha pombe tu. Waliojiunga na tiba ya methadoni pale hospitali ya Kidongo Chekundu, au waliokaa soba hausi, nyumba za kuachia dawa, wakatoka salama, wanastahili kuaminiwa kazi, na simo katika wanaosema wasipewe chombo maisha yao yote. Ila uamuzi wa lini waendeshe tena ni wa daktari wao, si wa binamu mwenye bodaboda isiyo na dereva.

Na zipo dawa za halali kabisa. Piritoni ya mafua, ambayo kila nyumba ina kipande chake kwenye kabati, huleta usingizi. Dawa za usingizi na za wasiwasi, na baadhi ya dawa za maumivu makali, zinafanya zaidi ya hivyo. Pakiti huwa imeandikwa, lakini sisi hununua vidonge vinne vilivyokatwa na mkasi, na maandishi hubaki dukani.

Kisha kuna usingizi wenyewe, ambao hauna harufu wala aibu, na ndio unaonitia hofu zaidi. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha vibaya kama mtu mwenye miligramu 50 za kilevi katika damu, na akifikisha saa 24 anazidi kiwango cha 80. Sasa mtazame dereva wa gari ya watalii katika msimu wa mwezi wa saba na wa nane. Asubuhi amepeleka wageni Jozani, mchana amewarudisha Paje, jioni amechukua wengine Mji Mkongwe hadi Nungwi, na saa nane za usiku anapigiwa simu kwamba kuna ndege inatua, akawapokee. Huyu hajaonja tone la kitu, anasali sala tano, na akipita kituo cha polisi atapulizishwa na kuruhusiwa. Katika Ramadhani hali huwa ngumu zaidi kwa wanaoamka kula daku na kuendelea na kazi bila ya kulala mchana. Na dakika za mwisho kabla ya adhana ya Magharibi, kila mtu anakimbilia futari yake. Dereva akisinzia akagonga, hataingia katika kifungu cha ulevi, lakini uendeshaji wa hatari au usio na uangalifu haumuulizi mtu kwa nini macho yake yalifumba. Wala mwajiri aliyempangia safari zile hawezi kujificha nyuma ya neno bahati mbaya.

Wageni sitawazungumzia sana, ingawa ndio wanaolaumiwa kwanza. Ni kweli kwamba wapo wanaokodi vespa asubuhi yao ya kwanza, wakiwa wamezoea kuendesha kulia, na usiku wakatoka katika sherehe za mwezi mpevu kule Kendwa wakiwa juu ya vespa ile ile. Kibali cha kuendesha Zanzibar hutakiwa kwao, na trafiki huwasimamisha kuwauliza. Lakini anayewapa ufunguo ni kijana wetu, na anayeona jinsi walivyorudi jana yake ni huyo huyo.

Narudi kwenye sitara, maana hoja ya watu wema inaanzia hapo na inastahili jibu lililo wazi. Wanavyuoni waliokataza kusengenya wametaja pia hali ambazo kumsema mtu si kusengenya: kumshitaki aliyedhulumu, kutaka msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu na madhara. Ulevi wa mtu aliyejifungia chumbani kwake ni siri yake. Akishachukua ufunguo wa gari, jambo limetoka chumbani na limeingia katika haki za wengine, na haki za wengine si za kusitiriwa. Shahidi anayemwambia polisi kwamba dereva alinuka pombe, alizungumza bila ya mpangilio, alishindwa kusimama, na kwamba ilikuwa saa ngapi, hamfedhehi mtu, anatoa amana. Maelezo ya namna hiyo, yakitolewa usiku ule ule, huweza kusimama mahakamani hata pale ambapo kipimo hakikufanyika.

Abiria nao wana sehemu yao, na kwa kuwa wengi wetu ni abiria, hii ndiyo sehemu iliyo karibu nasi. Mwaka jana nilikuwa katika gari ya shamba iliyotoka Mwanakwerekwe kwenda upande wa kusini. Dereva alikuwa mchangamfu kupita kiasi, anacheka peke yake, na kabla ya Tunguu alikuwa ameshatoka mara mbili kwenye lami. Watu walitazamana. Kila mmoja alishika kiti cha mbele yake na kuona haya kuwa wa kwanza. Bibi mmoja mwenye kikapu cha dagaa magotini akasema, “Mwanangu, simamisha nishuke.” Dereva akamwambia bado hajafika kwake. “Najua pangu nilipo. Simamisha.” Aliposhuka yeye tukashuka sote, na utingo akabaki mlangoni akigombana nasi kuhusu nauli, akisema gari haina kasoro na kwamba dereva amechoka tu. Mmoja wetu alimpigia simu mwenye gari, kwa nambari iliyoandikwa ubavuni. Suala lake la kwanza lilikuwa nani anayepiga simu na ni mtoto wa nani. Baada ya kama saa nzima alimleta dereva mwengine, ingawa wengi wetu tulikuwa tumeshapata gari nyengine, na kwa ninavyojua dereva yule wa mwanzo hakupelekwa kituoni.